Wakasai wa Likasi: Waliokuja kwa Treni, Wakatolewa kwa Treni

Reli ya kampuni ya BCK ilipokamilika mwaka 1928 kutoka Bukama hadi Port-Francqui, mji ambao leo tunauita Ilebo, Mfalme Albert wa Ubelgiji alikuja Kongo mwenyewe kushuhudia. Hesabu ya Wabelgiji ilikuwa ya shaba. Madini ya Katanga sasa yangepanda treni hadi Ilebo, yaingie kwenye meli za mto Kasai, yashuke hadi Léopoldville (Kinshasa ya leo), yapande treni tena hadi Matadi na kuvuka bahari bila kuomba njia kwa Waingereza wa Rhodesia wala Wareno wa Angola. Lakini treni iliyopeleka shaba Kasai haikurudi Katanga tupu. Ilirudi na watu: vijana wa Kiluba kutoka vijiji vya Kasai, wengi wao wakiwa hawajawahi kuona mgodi.

Baada ya miaka 64, watoto na wajukuu wa vijana hao walikuwa wamelala chini kwenye stesheni ya Likasi, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kupakanyaga. Mji ulikuwa umewafukuza. Ukiuliza leo utaambiwa ulikuwa ugomvi wa makabila, kisha mazungumzo yatahamia kwenye bei ya unga. Mimi siamini jibu hilo. Makabila yale yale yalikuwa yamekaa nyumba kwa nyumba tangu enzi za babu zao, wakioana na kuzikana, na kama chuki ya damu ndiyo sababu, ilikuwa na nafasi ya kulipuka mara mia. Kilicholipuka mwaka 1992 kilikuwa na wenye kukiwasha, na majina yao yanajulikana.

Tuanze na mji wenyewe. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na eneo la Likasi, Panda na Kambove likawa moja ya matumbo yake. Mji ulipewa jina la Jadotville kumtukuza Jean Jadot, mhandisi aliyepanda hadi kuongoza Société Générale ya Brussels. Kiwanda cha Shituru kilianza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929. Kampuni ilikuwa na mawe ya kutosha, mikono ndiyo iliyopungua. Mwanzoni iliwachukua vijana wa Rhodesia ya Kaskazini, halafu ikajaribu Ruanda-Urundi, ambako watu waliotoka kwenye milima ya baridi waliugua na kufa wengi kambini. Hapo ndipo ilipoigeukia Kasai na Lomami, na ikabadilisha na mtindo wa kazi. Badala ya kumchukua kijana kwa miezi sita na kumrudisha kwao akiwa mgonjwa, ilimpa mkataba wa miaka mitatu, ikamruhusu kuja na mke, ikamjengea nyumba ya matofali, ikaweka zahanati ya wazazi na shule ya mapadri. Huo haukuwa wema. Wakubwa wa kampuni walikuwa wamepiga hesabu na kuona kwamba mtoto anayezaliwa kambini ni mfanyakazi wa kesho asiyehitaji nauli.

Kambi ilikuwa dunia kamili. Kila wiki mke wa mfanyakazi alipanga foleni kuchukua posho: unga wa mahindi wa kusongea bukari, mafuta ya mawese, karanga, chumvi, nyama au samaki mkavu. Kipimo kilifuata idadi ya watoto walioandikwa. Mtoto akizaliwa, posho iliongezeka. Mtoto akitoroka shule, baba aliitwa kujieleza. Lugha ya kambi ilikuwa Kiswahili, kwa sababu mkubwa wa kazi alitaka amri moja isikike na Mbemba, Mluba, Mrundi na Mlunda kwa pamoja. Watoto wa Kasai waliozaliwa Panda na Shituru walikua wakicheza, wakigombana na baadaye wakitongozana kwa Kiswahili. Kichiluba walikisikia kwa bibi.

Kati ya wote waliokuja, Wakasai ndio waliopanda haraka. Wamisionari wa Scheut walikuwa wamefika Kasai tangu 1891, kwa hiyo vijana wengi walitoka kwao wakiwa wanajua kusoma na kuandika. Kampuni na serikali ya kikoloni ziliwafanya makarani, wasimamizi, wauguzi, walimu. Mlunda au Msanga ambaye ardhi ya mgodi ilikuwa ya babu yake alikwenda ofisini kuomba cheti, akamkuta nyuma ya meza Mkasai mwenye tai. Mbelgiji aliyewapanga wote wawili alikuwa ghorofani na hakuonekana. Kinyongo kikamwangukia aliye karibu.

Mwaka 1957 Wabelgiji waliruhusu uchaguzi wa kwanza wa manispaa katika miji mitatu ya Kongo: Léopoldville, Elisabethville (Lubumbashi ya leo) na Jadotville. Huko Elisabethville, viti vya wakuu wa wilaya za Waafrika vilikwenda kwa watu wasio wa Katanga, Wakasai wakiwa mbele. Mwaka uliofuata ikazaliwa Conakat, chama cha waliojiita wenyeji halisi, kwanza chini ya Godefroid Munongo kisha Moïse Tshombe. Mgawanyo wa Katanga kati ya wenyeji na wakuja ulitoka mitaani ukaingia kwenye katiba za vyama. Walowezi wa Kizungu na wakubwa wa migodi waliuona, wakaupenda.

Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi huru. Hii sehemu wengi wanaijua, nami sitakaa hapo. Dunia imelisikia jina la Jadotville hasa kwa ajili ya kikosi cha askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, waliozingirwa hapo Septemba 1961 chini ya kamanda Pat Quinlan, na filamu ya mwaka 2016 imewapa heshima yao. Wiki hizo hizo, umbali wa saa mbili hivi kwa gari, makumi ya maelfu ya Waluba walikuwa wamekimbia nyumba zao za Elisabethville na kujazana kwenye kambi ya mahema na vibanda chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, kwa kuwaogopa polisi na vijana wa Conakat. Mwaka 1962 walisafirishwa kwenda Kasai. Filamu haina habari nao. Kasai kwenyewe kulikuwa kumechafuka: mwaka 1959 Waluba walikuwa wameshafukuzwa Luluabourg (Kananga ya leo) katika vita vyao na Walulua. Watu hawa walikuwa wanasukumwa huku na huku kama gunia lisilo na mwenyewe.

Katanga ilirudishwa Kongo Januari 1963. Mji ukaitwa tena Likasi mwaka 1966, na mwanzoni mwa 1967 Rais Mobutu akaitaifisha Union Minière, ambayo baada ya majina mawili matatu ikawa Gécamines. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, na mkoa nao ukaitwa Shaba. Wakasai wengi walirudi kazini. Kwa miaka 20 na zaidi Mobutu alikataza siasa za kikabila kwa sauti kubwa, na kuziendesha kwa sauti ndogo. Chama kilikuwa kimoja, MPR, na kila Mzaire alizaliwa akiwa mwanachama, atake asitake. Ofisini palikuwa na picha moja, redioni sauti moja, asubuhi nyimbo na ngoma za kumsifu Kiongozi kabla ya kazi kuanza. Mobutu alikuwa ameyaona hayo China na Korea ya Kaskazini mwaka 1974, yakamvutia. Alichukua mapambo ya ukomunisti, akaacha itikadi, na akabaki rafiki wa Wamarekani.

Hapa inafaa tuitazame Lithuania, nchi ndogo ya Ulaya kwenye bahari ya Baltiki, kwa sababu kalenda yake na ya Likasi ziligongana. Jeshi la Kisovyeti liliingia Lithuania Juni 1940, na Agosti mwaka huo nchi ikamezwa. Tarehe 14 Juni 1941 askari wa usalama walianza kugonga milango alfajiri wakiwa na orodha: walimu, maofisa, wakulima wenye mashamba makubwa, mapadri, wafanyabiashara, pamoja na wake na watoto wao. Katika siku chache watu karibu 17,000 walipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo. Kwenye stesheni ya Naujoji Vilnia, nje kidogo ya Vilnius, wanaume walitengwa na familia zao. Wao walipelekwa kambi za kazi ngumu, wake na watoto Siberia. Baada ya vita kazi iliendelea. Mei 1948 walichukuliwa wengine karibu 40,000 kwa mkupuo mmoja. Hadi 1952 jumla ilifika kama 130,000, huku wapiganaji wa msituni wakipambana na Wasovyeti mpaka 1953.

Miongoni mwa waliochukuliwa siku ile ya Juni alikuwepo msichana wa miaka 14 aitwaye Dalia Grinkevičiūtė. Alipelekwa kwanza Altai, kisha Trofimovsk, kisiwa cha barafu kwenye mdomo wa mto Lena, kufanya kazi ya samaki. Mwaka 1949 alitoroka na mama yake wakarudi Kaunas kwa siri. Akaandika aliyoyaona, akaziweka karatasi ndani ya chupa na kuzizika kwenye bustani ya nyumba yao, kabla ya kukamatwa tena. Alikufa mwaka 1987 bila kuziona tena. Chupa ilifukuliwa mwaka 1991.

Likasi ilikuwa upande wa pili wa Vita Baridi. Urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa sehemu kubwa Shinkolobwe, mgodi ulio mlango wa pili na mji wetu, na hofu kwamba madini ya Katanga yangeangukia mikononi mwa Moscow ni moja ya sababu zilizowafanya wakubwa wa magharibi wamvumilie Mobutu kwa muda wote ule. Moscow ilipoanza kulegea, na Lithuania na Zaire zililegezwa kamba pamoja. Tarehe 25 Desemba 1989 Nicolae Ceaușescu wa Romania, rafiki wa Mobutu, alipigwa risasi na watu wake. Tarehe 11 Machi 1990 Bunge la Lithuania lilitangaza kwamba nchi imerudisha uhuru wake. Wiki sita baadaye, tarehe 24 Aprili, Mobutu alisimama N'Sele akatangaza mwisho wa chama kimoja, na machozi yakamtoka mbele ya kamera.

Kule, upepo ule uliwarudisha waliohamishwa. Familia za Walithuania zilikuwa zimeshaanza kwenda Siberia kufukua mifupa ya wazazi wao na kuileta nyumbani kwa mazishi. Huku, upepo huo huo ulijaza stesheni.

Namna ilivyotokea ni hii. Mwaka 1980 wabunge 13 walimwandikia Mobutu barua ndefu ya kumlaumu. Étienne Tshisekedi, Mkasai, alikuwa mmoja wao. Gabriel Kyungu wa Kumwanza, Mluba wa Katanga, naye alikuwa mmoja wao. Walifungwa na kuteswa pamoja, na mwaka 1982 wakawa pamoja katika kuanzisha chama cha upinzani cha UDPS. Wa tatu katika hadithi hii ni Jean Nguz a Karl-i-Bond, Mlunda, jamaa wa Tshombe, waziri aliyehukumiwa kifo na Mobutu mwaka 1977, akasamehewa, akakimbia, akamwandikia kitabu cha kumuumbua, akarudi akawa balozi wake. Vyama viliporuhusiwa, Nguz na Kyungu waliunda chama cha UFERI, wakasimama na Tshisekedi katika umoja wa upinzani. Novemba 1991 Mobutu akamwita Nguz na kumpa uwaziri mkuu. Nguz akakubali. Kyungu akawa gavana wa Shaba. Umoja ukapasuka siku hiyo, na Mobutu, aliyekuwa anazama, akapata pumzi ya miaka mingine mitano.

Mkoa wenyewe ulikuwa unaanguka. Gécamines, iliyotoa karibu tani 476,000 za shaba mwaka 1986, ilikuwa inaelekea chini ya tani 50,000. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Mwishoni mwa 1991 wanajeshi wasiolipwa walipora maduka na viwanda, Wazungu wengi wakaondoka. Mishahara ilichelewa, posho ikakatika. Kijana wa Likasi aliyesoma hadi kidato cha mwisho hakuwa na kazi, na baba yake mwenye kazi hakuwa na mshahara. Kyungu alikuja na maelezo rahisi: mkate umeliwa na Wakasai. Kwenye mikutano ya hadhara na kwenye redio ya mkoa waliitwa bilulu, wadudu. Vijana wa chama, JUFERI, waliokusanywa wengi kutoka vijijini, walipewa ruhusa ya kuzunguka mitaani.

Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa uliokuwa ukikaa Kinshasa ulimchagua Tshisekedi kuwa waziri mkuu kwa kura nyingi, na Nguz akapoteza kiti. Huko Lubumbashi, Wakasai walitoka barabarani kushangilia. Wenye UFERI walisema wanatukanwa. Fimbo zikatoka, nyumba zikachomwa, na baada ya siku chache moto ulikuwa umefika Likasi. Na Likasi ndiko ulikokolea. Kundi la vijana lilifika mtaani na mapanga, magongo na petroli. Mwenyeji alionyesha nyumba. Familia ilipewa muda mfupi wa kutoka, au haikupewa. Mabati yalivuliwa, milango na madirisha yakang'olewa, kisha mwingine akahamia ndani. Wengine walijihami, na damu ilimwagika pande zote mbili, lakini nguvu hazikuwa sawa, maana upande mmoja ulikuwa na gavana. Askari na polisi walitazama, au walifika wakati hakuna tena cha kuokoa.

Kuna tofauti moja na Lithuania ambayo nadhani ni kubwa kuliko zote. Kule Juni 1941 waliogonga mlango walitumwa na dola, na orodha ilichapwa ofisini. Huku orodha ilikuwa kichwani mwa jirani, aliyejua mke wa nani ni mtu wa wapi na chumba cha nyuma kina kitanda gani. Ukitafuta Lithuania tukio linalofanana na hilo, hulipati Siberia. Utalipata katika majira yale yale ya 1941, wiki chache tu baada ya treni za Juni, Wajerumani walipoingia na baadhi ya Walithuania wakashika bunduki kuwasaidia kuwaua majirani zao Wayahudi. Zaidi ya asilimia 90 ya Wayahudi wa nchi hiyo waliangamizwa. Jamii iliyotoka kulia machozi ya treni ilitoa na wauaji ndani ya miezi ile ile. Nimeona nilitaje hili kwa sababu Katanga nayo ina malalamiko ya kweli. Wenyeji walinyimwa shule na vyeo katika ardhi yao na mkoloni, na mali yao ikajenga Kinshasa. Malalamiko ya kweli yakipata kiongozi mwovu huua vizuri zaidi kuliko ya uongo.

Kati ya Agosti na mwisho wa mwaka 1992 makumi ya maelfu ya Wakasai wa Likasi walikuwa wamejazana kwenye stesheni na mashuleni. Stesheni ya mji wa mgodi haikujengwa kwa kulaza watu. Familia zilijizungushia kabati na vitanda vilivyookolewa, zikatandaza maturubai juu, na kati ya kabati moja na jingine ndipo palipokuwa nyumbani. Walipika kati ya reli. Cherehani, sufuria kubwa, picha ya harusi, shahada ya shule iliyofungwa kwenye nailoni: kila mtu alilinda alichoamini kitamsaidia aendako. Mvua za Novemba zikaanza. Choo kilikuwa hakuna au kilikuwa kimefurika. Surua, malaria na kuhara viliwachukua watoto kwanza. Madaktari wa Médecins Sans Frontières walihudumia hapo, na mapadri na masista walileta walichoweza. Usiku waliolala hapo walikuwa wanaogopa kutoka hata kwenda kununua mkaa.

Treni nazo hazikuja. Shirika la reli, SNCZ wakati huo, lilikuwa na injini chache zinazotembea na mabehewa mabovu. Watu walichanga fedha kupata nafasi. Waliosafiri walipanda mabehewa ya mizigo, yaliyofunikwa na yasiyofunikwa, juu ya mizigo yao wenyewe. Njia ilikuwa ile ile ya mwaka 1928 kinyumenyume: Tenke, Bukama kwenye mto Lualaba, Kamina, halafu Mwene-Ditu, na kwa wengine Kananga. Safari iliyotakiwa kuwa ya siku mbili tatu ilichukua siku nyingi, injini ikiharibika porini, askari wakidai chao kwenye vituo. Waliokufa njiani walizikwa kando ya reli, treni ikisimama kwa muda mfupi.

Machi 1993 moto ulihamia Kolwezi, na huko nako stesheni ikajaa. Wafanyakazi wa Gécamines wa miaka 20 na 30 waliondoka bila mafao yao. Desemba 1993 Nguz na Kyungu walitangaza kwamba mkoa una mamlaka yake na utaitwa tena Katanga. Kuondoka kuliendelea kwa mafungu hadi 1995, mwaka ambao Kyungu aliondolewa madarakani, Mobutu akiwa ameshapata alichotaka. Kwa jumla waliofukuzwa mkoani walikuwa mamia ya maelfu.

Huko Mwene-Ditu, Ngandajika na Mbuji-Mayi walipokelewa na jamaa waliokuwa na njaa zao. Kijana wa Likasi aliyelelewa na Kiswahili na Kifaransa alishuka kwenye behewa akakuta anaitwa mtu wa Katanga. Hakujua kulima. Kichiluba chake kilichekwa. Hata fedha zilimgomea: mwishoni mwa 1993 Kasai ilikataa noti mpya za Mobutu na kuendelea na za zamani, kwa hiyo aliyeshuka na akiba ya noti mpya alikuta soko halizitaki. Wengine walianza upya kwa almasi, wengine kwa ualimu, na si kidogo waliofia kwenye kambi za muda kabla ya kuanza chochote.

Mobutu aliondoka Mei 1997. Kidogo kidogo Wakasai walianza kurudi Likasi, mmoja mmoja, kuuliza habari za nyumba. Baadhi walizinunua tena nyumba zao kwa walionyang'anya. Nguz alikufa mwaka 2003. Kyungu aliishi muda mrefu zaidi, akaunda chama kingine, akapatana na akina Tshisekedi, na mwaka 2019 Rais Félix Tshisekedi, mtoto wa Étienne, alimteua kuwa mwenyekiti wa bodi ya SNCC. Msomaji aliyesoma hadi hapa anajua SNCC ni nini: ndilo shirika la reli lililokuwa likiitwa SNCZ. Alikufa Agosti 2021 bila kusimama mbele ya mahakama yoyote kwa ajili ya mambo ya 1992.

Wako watakaosema mapatano hayo ni ukomavu wa kisiasa. Labda. Wakubwa walisameheana, na hiyo ni haki yao kwa makosa waliyokoseana wao kwa wao. Mjane aliyemzika mtoto kando ya reli karibu na Kamina hakuulizwa.

Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti kubwa ya makosa yaliyofanyika Kongo, ile inayoitwa Ripoti ya Mapping. Inaanzia Machi 1993 na kuishia Juni 2003. Kolwezi imo ndani yake. Wimbi kubwa la Likasi, la Agosti hadi Desemba 1992, liko nje ya mstari kwa miezi michache. Hakuna aliyekusudia kuiruka Likasi, mwaka ulichaguliwa kwa sababu nyingine, lakini matokeo ni hayo: orodha rasmi ya maumivu ya Kongo inafungua ukurasa wake wa kwanza baada ya stesheni yetu kujaa.

Walithuania walifanya kazi ambayo sisi hatujaifanya. Tarehe 14 Juni ni siku ya kitaifa ya maombolezo. Jengo la KGB la Vilnius ni makumbusho, na kwenye mawe ya ukuta wake yamechongwa majina ya waliouawa. Kituo cha utafiti cha serikali kimechapisha majina ya waliopelekwa Siberia, jina kwa jina, kitabu baada ya kitabu. Hawakungoja Moscow iombe radhi.

Kwa Likasi kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1992 ana miaka 50 na kitu leo, na waliokuwa watu wazima wanaondoka kila mwaka. Parokia zina vitabu vya ubatizo na vya mazishi. Gécamines ina majalada ya wafanyakazi, na ndani yake majina ya wake na watoto, yaliyoandikwa kwa ajili ya posho. Shule zina rejesta za darasa ambazo katikati ya mwaka wa masomo nusu ya majina yanaacha kuitikia. Mwalimu, katekista au mwanafunzi wa historia akianza na mtaa mmoja tu, Panda au Shituru, akaandika nani alikaa nyumba ipi, nani alipanda treni, nani hakufika, na akawauliza pia waliobaki, hata wale waliokuwa na fimbo mkononi, atakuwa ameanza. Kama unalo jina, liandike, uweke na tarehe, na umpe mwingine nakala.